Punda akichechemea kidogo: kumpumzisha, kumwita mtaalamu au kumchoma sindano arudi kazini?

Farasi kwetu Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania ni wa kuhesabu, na baadhi yao utawakuta kwenye hoteli za watalii upande wa Mufindi. Mnyama wa kazi ni punda. Isimani anabeba madumu ya maji, Usangu anavuta mkokoteni wa mpunga kutoka majarubani hadi mashineni, na Makete wapo wazee wanaoukumbuka ule mradi wa usafiri vijijini ulioanza katikati ya miaka ya 1980, uliohimiza ufugaji wa punda ili mizigo ishuke kwenye vichwa vya akina mama. Siku punda anapoanza kuchechemea, hata kwa mbali, nyumba nzima inajua. Maji hayaji, mpunga haushuki, na mwenye mkokoteni anapigiwa simu na wateja kabla hajamaliza chai.

Hapo ndipo watu wanapoamua harakaharaka, na maamuzi yao huwa ya aina tatu. Wapo wanaosema apumzike, keshokutwa atakuwa sawa. Wapo wanaompigia afisa mifugo palepale. Na wapo, tena wengi, wanaopita duka la dawa za mifugo, wanachukua sindano, wanamchoma, na mchana mnyama yuko barabarani na gunia zake.

Niseme msimamo wangu mapema. Kuchechemea kidogo au sana si jambo la kukuamulia peke yake. Kinachoamua ni unachokikuta ukishika mguu wenyewe. Ukwato ukiwa wa baridi na mnyama anakula vizuri, una nafasi ya kusubiri. Ukwato ukiwa wa moto, kukiwa na tundu au jeraha, au mnyama akiwa amesusa majani, usisubiri hata kama kuchechemea kwenyewe hakuonekani mpaka uambiwe.

Kidogo ni kiasi gani, na ni mguu upi?

Madaktari wa farasi Marekani wanatumia kipimo cha 0 hadi 5. Sifuri ni mzima. Moja ni tatizo linaloonekana kwa shida, leo lipo kesho halipo. Mbili halionekani vizuri akienda moja kwa moja, ila linajitokeza akigeuka, akishuka mteremko au akiwa na mzigo. Tatu linaonekana kila akienda mchapuo, ule mwendo wa kati ya kutembea na kukimbia. Nne linaonekana hata akitembea tu, na tano ni mnyama asiyetaka kukanyaga kabisa. Tunaposema “kidogo” tuko kwenye 1 na 2.

Ila kipimo hicho kilitungwa kwa farasi, na punda si farasi mdogo. Farasi akiumia anahangaika, anatoa jasho, anakataa kazi. Punda anasimama kimya, masikio yameshuka kidogo, anaendelea kutafuna. Ndiyo maana mimi humpandisha daraja moja: nikiona 2 kwa punda, namhudumia kama 3. Wengine wataniona nina woga. Sawa, lakini punda ameumbwa kuficha maumivu, na anayengoja aonyeshwe wazi huwa amechelewa.

Kumtambua mguu mbovu ndiko kunakowashinda wengi. Mpe kijana kamba, aiachie ilegee ili kichwa kiwe huru, amtembeze mnyama kwenye ardhi ngumu iliyo sawa. Uwanja wa kuanikia mahindi unafaa sana. Wewe simama mbele. Kama tatizo liko mguu wa mbele, kichwa kinapanda juu pale mguu mbovu unapogusa chini, na kinashuka anapokanyaga ule mzima. Watu wengi wanasoma kinyume: wanaona kichwa kinainama upande wa kulia, wanasema kulia ndiko kunakouma, kisha wanauchua mguu mzima siku mbili. Kwa miguu ya nyuma, hamia nyuma yake utazame nyonga. Upande mbovu nyonga inapanda na kushuka zaidi ya mwenzake. Ukiwa huna uhakika anzia mbele, maana miguu ya mbele inabeba kama asilimia 60 ya uzito na ndiyo inayoumia zaidi.

Halafu mzungushe duara pana, kulia kisha kushoto. Mguu mbovu ukiwa upande wa ndani wa duara, mara nyingi kuchechemea kunaongezeka. Mpeleke pia kwenye udongo laini. Akizidi kwenye ardhi ngumu, shuku ukwato. Akizidi kwenye udongo laini, shuku kano na misuli. Si kanuni isiyovunjika, ila inakupa pa kuanzia, na wakati huohuo mtu mwingine arekodi video kwa simu: kutoka mbele, nyuma na ubavuni. Video hiyo itakufaa baadaye.

Mkono kwenye mguu

Inua mguu bila kuuvuta sana nje. Nyonga na mabega ya punda ni membamba, na ukiuvuta pembeni atakupiga teke kwa haki yake. Safisha unyayo kwa bisibisi butu ukitoka kisiginoni kwenda mbele, usije ukachoma ule mnofu wa pembetatu ulio katikati. Fanya taratibu. Tope la Igurusi likikauka humo ndani linakuwa gumu kweli, na ndani yake ndimo kokoto hujificha. Nimewahi kuona kipande cha kokoto ya barabara, kama punje mbili za mahindi, kimekaa kwenye mfereji wa pembeni ya ule mnofu. Kilipotolewa punda alisimama kidogo, akakanyaga, akakanyaga tena, akaenda zake. Hakukuhitajika daktari wala sindano.

Siku nyingine unakutana na kitu cheusi laini chenye harufu inayokufanya ugeuze uso. Hiyo ni kwato kuoza, ugonjwa wa banda lenye unyevu, na kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei kwetu unyevu haukosekani. Kwato za punda zimezoea nchi kavu. Zinanyonya maji na kulainika kuliko za farasi. Mfugaji wa Tukuyu ana kazi kubwa zaidi hapa kuliko wa Pawaga.

Ukikuta msumari, usiung'oe kwa pupa. Kama mtaalamu anafika muda si mrefu, mzuie mnyama asitembee na umwache aone mwenyewe. Ikibidi uung'oe, weka alama pale ulipoingia, kumbuka umeelekea wapi na umezama kiasi gani, kisha uhifadhi msumari wenyewe. Tundu hujifunga haraka, na baada ya saa chache hakuna atakayelipata.

Sasa joto. Tumia mgongo wa kiganja, linganisha kwato zote nne, na ufanye asubuhi kivulini, kwa sababu jua la Rujewa la saa nane litakupa kwato nne za moto na hutajua kitu. Baada ya hapo gusa kwa vidole viwili, pole pole, pembeni nyuma ya kifundo kilicho juu ya ukwato. Kwa mnyama mzima mapigo ya mshipa pale ni hafifu, pengine usiyapate kabisa. Ukiyapata yanagonga vidole waziwazi kwenye mguu mmoja na si mwingine, ndani ya ukwato kuna uvimbe au jipu. Kipimo hiki hakina gharama, na ukiniuliza nichague kimoja tu kati ya vyote, nitachagua hiki.

Panda na mkono nyuma ya ule mfupa mrefu ulio chini ya goti. Kano zinapaswa kuwa ngumu, nyembamba na za baridi. Zikiwa zimevimba au zina joto, hilo ni jambo la wiki na miezi. Usisahau mabega na kifua. Kuna watu bado wanawafunga punda nira ya ng'ombe. Nira ile ilikusudiwa kuegemea nundu, na punda hana nundu. Anavuta kwa kifua. Kidonda cha begani kinaweza kumfanya afupishe hatua ukadhani anachechemea.

Mwisho, kama una kipimajoto. Punda mkubwa aliyetulia ana nyuzi 37 na kidogo, wakati farasi ni 37.5 hadi 38.5. Kwa hiyo 38.3 kwa farasi si habari, kwa punda ni homa. Afisa aliyezoea ng'ombe anaweza kulipita hilo, basi mkumbushe kwa adabu.

Kusubiri au kupiga simu leo

Kumpumzisha kunafaa pale ulipokagua na hukukuta joto, mapigo, uvimbe wala tundu. Anakula, anakunywa, na anakanyaga miguu yote minne. Mpe saa 24 hadi 48. Na kupumzika kuna maana yake: zizi dogo, pakavu, tambarare, maji na majani karibu. Kumwachia mlimani atafute malisho mwenyewe si kumpumzisha, kwa sababu anatembea kutwa nzima. Asubuhi na jioni rudia ukaguzi uleule. Faida ni kwamba hulipi kitu, na michubuko midogo mingi hupona hivyo. Hasara ni kwamba jipu la ukwato huanza kwa upole namna hiyohiyo. Leo anachechemea kidogo, keshokutwa mguu hauweki chini. Ndiyo maana kusubiri bila kurudia ukaguzi si kusubiri, ni kusahau.

Kumwita mtaalamu siku hiyohiyo kunagharimu, na kijijini sehemu kubwa ya gharama huwa mafuta ya pikipiki yake. Lakini hali zifuatazo hazina mjadala. Tundu au jeraha lolote la ukwato, kwa sababu ya pepopunda: vijidudu vyake hukaa kwenye udongo na samadi, na jamii ya farasi na punda ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nao kirahisi zaidi. Dalili huja wiki moja hadi tatu baadaye, tundu lenyewe likiwa limeshasahaulika. Mnyama anayetembea amekakamaa, mkia umeinuka na masikio yamesimama wima hana tatizo la mguu tena.

Hali ya pili ni joto na mapigo kwenye kwato zote mbili za mbele, huku mnyama akiegemea nyuma, anabadilisha mguu wa kuegemea kila mara na hataki kugeuka. Huo ni uvimbe wa ndani ya kwato ambao madaktari huuita laminitisi, na kwetu mara nyingi unatokana na wema: mtu kaona punda wake amefanya kazi, kamwachia pumba na mahindi bila kipimo, au mnyama kaingia ghalani usiku. Huyu usimtembeze “ili anyooke”. Kila hatua inazidi kuharibu. Ondoa nafaka, mpe nyasi kavu, mtandikie sakafu laini, na upige simu.

Ya tatu wengi hawaijui. Punda aliyesusa kula kwa sababu ya maumivu anaanza kuyeyusha mafuta ya mwilini, yanafurika kwenye damu na kuharibu ini. Punda mnene na jike mwenye mimba wako hatarini zaidi. Anaweza kufa kwa hilo wakati mguu wenyewe ulikuwa na tatizo la kupona. Kwa farasi mkubwa siku bila hamu ya kula ni wasiwasi; kwa punda ni dharura.

Na kama aliumwa na mbwa wiki au miezi iliyopita, sema mapema kwenye simu. Kichaa cha mbwa kwa farasi na punda kinaweza kuanza kwa kuchechemea tu. Mtu asimtie mkono mdomoni.

Sindano na arudi kazini

Ninaelewa kwa nini inapendwa. Msimu wa kuvuna mpunga hauna huruma, na mkokoteni uliosimama haulipi ada ya mtoto. Sindano ya maumivu ikifanya kazi, jioni punda anatembea vizuri na kila mtu anampongeza muuzaji. Tatizo ni kwamba maumivu ndiyo yaliyokuwa yanamzuia asiukanyagie mguu mbovu. Ukiyaondoa ukampakia gunia, kano iliyochanika kidogo inachanika sana, na jipu linazidi kupanda ndani ya ukwato bila wewe kuona.

Kuna na hili la dozi. Mwili wa punda unaziondoa dawa nyingi za maumivu haraka kuliko mwili wa farasi, na maelezo ya chupa mara nyingi hata hayamtaji punda. Dawa ileile inayoweza kumtosha farasi kutwa, kwa punda inaisha mapema. Mtu anaongeza dozi kwa kukisia, na tumbo na figo ndizo zinazolipa. Dawa ya maumivu ni nzuri, tena ya lazima kwa laminitisi, ila ikiamuliwa na mtaalamu na mnyama akiwa zizini. Oksitetra, dawa ya kuua bakteria ambayo kwetu imekuwa jibu la kila ugonjwa, haina kazi yoyote kwa kano iliyovutika wala kokoto. Vidonge vya binadamu viache ndani kwako.

Kuchoma ngozi kwa chuma cha moto au kuchanja mguu sitaweka kwenye mizani. Unaongeza kidonda juu ya maumivu, na nzi wanamalizia.

Maji baridi au ya uvuguvugu?

Hapa watu huchanganya kila siku, na jibu linategemea ulichokikuta. Kano au kifundo kilichovimba na chenye joto leo kinataka baridi: dakika 15 hadi 20, mara mbili tatu kwa siku. Mfugaji wa Makete au wa chini ya Kitulo hahitaji barafu. Mto wake unatosha, mradi kingo hazina utelezi. Baridi ina maana zaidi siku mbili za mwanzo.

Jipu la ukwato linataka uvuguvugu. Maji ya joto unaloweza kuvumilia kwa mkono wako, chumvi ya haluli ndani yake, ukwato uzame kwenye ndoo ya mpira au beseni kwa robo saa. Ukaushe, weka pamba safi, funga na nepi ya mtoto, juu yake kipande cha gunia au mpira wa ndani wa tairi uliokazwa kwa tepu pana, bila kubana ngozi iliyo juu ya ukwato. Badilisha kila siku. Lakini kulitoboa jipu ni kazi ya mtu anayejua. Kisu cha jikoni kikipita mahali pasipo pake kinaacha tundu la miezi. Na ukwato unaooza ni kinyume: hautaki kulowekwa, unataka kukatwa palipooza na kukauka.

Umwite nani?

Afisa mifugo wa kata yuko karibu na ni wa bei nafuu, ila siku zake zinaishia kwenye ng'ombe, nguruwe na kuku. Mtumie ile video kabla hajawasha pikipiki, mwambie mguu upi, umeona joto wapi, punda amekula nini, na umwombe aje na chanjo ya pepopunda ikiwa kuna jeraha. Daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari ndiye wa kumtafuta ukikuta laminitisi, kano, msumari uliozama, au pale siku mbili za kupumzika hazikuleta nafuu. Mbeya mjini na Iringa mjini hakosekani. Picha ya eksirei ya mguu ni habari nyingine. Wengi wataishia kuelekezwa hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) kule Morogoro, na kwa punda wa kubeba maji sioni familia nyingi zikifunga safari hiyo. Muuzaji wa duka la dawa ni wa kukuuzia ulichoandikiwa.

Mkata kwato mzuri ni adimu kuliko wote. Ukimpata, mtunze. Kwato za punda zinahitaji kukatwa kila wiki 6 hadi 10, na zilizopinda au kurefuka mbele ni chanzo cha kuchechemea kusikokuwa na joto wala jeraha, kule kunakorudi kila mwezi.

Watakuja pia wa kukushauri umuuze. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji wa punda mwaka 2022, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kusimamisha uchinjaji wake kwa ajili ya ngozi barani kote, kwa hiyo mnunuzi anayemtaka punda mbovu kwa haraka muulize anampeleka wapi.

Akiacha kuchechemea, usimpakie kesho yake. Mtembeze mtupu siku kadhaa, dakika chache ukiongeza, kisha mkokoteni mtupu kwenye njia tambarare, kisha nusu ya mzigo. Punda wetu wengi wana kilo 120 hadi 150 hivi, na gunia la kilo 100 mgongoni ni kubwa hata kwa aliye mzima. Kila jioni ya wiki hiyo rudisha vidole pale nyuma ya kifundo. Mapigo yakirudi, mzigo unashuka siku hiyohiyo.